Mjukuu Katembea Mlimani na Mama Yake Hajui

Bi Kuruthum mwenzangu,

Salamu nyingi, na nakuomba unisaidie upesi, maana nina furaha imenijaa kifuani mpaka inaniuma, na wa kumwambia sina, na bwana wangu kanikataza, na kila nikikaa na wenzangu kwenye kahawa najiziba mdomo kwa mtandio nisije nikacheka peke yangu wakasema Bimdogo kapata wazimu. Majina ya watu wote nimeyageuza, langu pia. La mlima nimeliacha kama lilivyo kwa sababu mlima hauwezi kugombezwa na mwanangu.

Mimi ni mtu mzima, mzaliwa wa Unguja mjini, naishi Ibra, hapa Oman, tangu tulipohamia huku miaka ya sabini. Bwana wangu Musallam asili yao ni hapa hapa Sharqiyah lakini kazaliwa na kukulia Tabora. Kafanya kazi serikalini miaka mingi, mwaka jana kastaafu, na tangu siku hiyo kawa mtu wa kutoka kiti hiki kwenda kiti kile, anasoma gazeti la jana, na hatujamaliza chai ya asubuhi keshaniuliza mchana tunakula nini. Kinachomnyanyua ni kitu kimoja tu, mjukuu wetu Yazeed, mtoto wa binti yetu Azza, ambaye Azza humwacha kwetu kila asubuhi akienda skuli kusomesha.

Sasa huyu Yazeed mwaka na nusu umempita na alikuwa hajatembea. Kutambaa anatambaa mbio, umgeukie tu keshafika chini ya meza, na dede anasimama akishika kochi, lakini ukimwachisha anakaa kitako na kukucheka. Mimi sikuwa na wasiwasi sana, lakini Azza roho yake ilikuwa juu, kwani mama mkwe wake, bila ya ubaya, kila akija lazima ataje mtoto wa fulani aliyetembea kabla hata meno hayajatimia. Basi Azza kachukua miadi kwa daktari wa watoto Muscat, Jumanne hii inayokuja, na siku moja nilipita nikamsikia analia bafuni, bomba kalifungulia ili nisisikie.

Alkhamisi iliyopita Azza na mumewe Nadhir walikwenda Sur arusini, walale huko warudi Ijumaa jioni. Mtoto alikuwa ndio kwanza kapona kikohozi, na baridi ya mwezi huu wa Januari unaijua, kwa hiyo kamleta kwetu na mkoba wa nguo na dawa, akaniambia, "Mama, asitoke nje. Hata uani asitoke." Nikamjibu, "Nimpeleke wapi mimi, mwanangu?" Na wallahi wakati ule nilikuwa nasema kweli.

Nadhani gari lao lilikuwa halijafika hata Al Qabil, Musallam akaweka kikombe chini akanitazama.

"Bimdogo, hebu twende mlimani."

"Mlima gani?"

"Jebel Shams. Tumezeekea nchi hii na mlima wenyewe nauona kwenye kalenda ya benki."

"Na mtoto?"

"Mtoto naye hajauona."

Bi Kuruthum, nilitakiwa niseme hapana, na neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sikukiona tangu alipostaafu, kama kijana aliyekuja kuniposa akasahau maneno aliyofundishwa, basi nikajikuta jikoni nachemsha maziwa, natia chai kwenye chupa, nafunga mandazi kwenye kitambaa, namvisha Yazeed sweta juu ya sweta mpaka mikono haishuki, na kabla ya kufikiri vizuri tumo garini tumeshaipita Izki, tunacheka, sijui tunacheka nini.

Nizwa tukamnunulia mtoto kofia ya sufu yenye masikio. Al Hamra tukasimama kutia petroli, na kijana wa pale akaitazama gari yetu ndogo akatuambia kwa adabu kuwa huko juu kabisa haitafika, afadhali twende Misfat al Abriyeen, kijiji kiko ubavuni mwa mlima na njia nzuri ya kutembea ipo. Musallam akanuna kidogo, halafu akasema mlima ni mlima.

Tulipofika tukaacha gari juu ya kijiji, maana ndani huko hakuna njia ya gari, ni vichochoro na ngazi za mawe zinashuka na kupanda kati ya nyumba. Musallam akazitazama ngazi, akamtazama Yazeed ambaye ni kibonge, akatazama fimbo yake mkononi, akaniambia, "Nipe kanga yako." Nikadhani anataka kumfunika mtoto. Nikampa. Akainama pale pale, akasema, "Niwekee mgongoni."

Mwenzangu, bwana wangu ni mtu wa kilemba na fimbo, alikuwa na ofisi na karani wa kumbebea mafaili, na sisi watu wa mjini hatukuzoea kumwona mwanamume na mbeleko. Nikamwambia watu watatuona. Akanijibu bila hata kugeuka, "Tabora nimewalea wadogo zangu wote hivi hivi. Weka mtoto." Nikaweka, akafunga fundo kifuani juu ya dishdasha nyeupe, akajitikisa mara moja kupima, na Yazeed akalaza shavu lake akatulia kama aliyezaliwa humo. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi.

Chini kidogo tukakutana na mama mmoja wa pale anaitwa Thuraya, kabeba tita la majani ya mifugo, akamtazama Musallam alivyoinama, akaniuliza kwa Kiarabu kwa huruma kabisa kama mzee anaumwa na mgongo. Nikamwambia hapana, huyo ni mjukuu. Akazunguka nyuma kuhakikisha, akakuta macho mawili na kofia yenye masikio vinamtazama, akaweka tita chini kabisa ili apate kucheka vizuri. Halafu akasema hawezi kutuacha tupotee, akatuongoza mwenyewe kwenye njia inayofuata falaj, mfereji wao wa maji, ikapita chini ya mitende na migomba, ikapanda, ikapita kwenye makonde yaliyopangwa kama ngazi, ikapanda tena. Mahali pengine njia ilikuwa nyembamba na chini ni bonde, Musallam akanishika mkono, na njia ilipopanuka hakuuachia, na mimi sikumkumbusha.

Juu kabisa ya makonde kuna jiwe kubwa limelala bapa, pana kama ua wa nyumba, mbali na ukingo, na miezi hii ya baridi jua halilifikii. Tukakaa tupumzike. Musallam akafungua mbeleko akamweka Yazeed chini, nami nikamvua viatu kwa kuwa kimoja kilikuwa kimejaa mchanga. Mtoto akaweka viganja juu ya jiwe atambae, jiwe lile lilikuwa baridi kama limetoka kwenye friji, akaviondoa. Akavitazama. Akaviweka tena, akaviondoa upesi. Akachutama, akafikiri, halafu akasimama. Hakushika kitu, Bi Kuruthum, hakushika fimbo wala nguo ya mtu. Akasimama mikono juu, akanitazama, akaja. Alikuja kwa miguu yake mpaka magotini kwangu, akageuka, akaenda kwa babu yake, na babu yake alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kikamwagika juu ya jiwe na hakuhisi. Thuraya akapiga kigelegele kikarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilianza.

Tuliposhuka kijijini, mume wa Thuraya, Hud, akakataa kata kata turudi siku ile, basi tukalala kwao, tukala rakhal, mkate wao mwembamba kama karatasi, na asali, na asubuhi Yazeed akatembea tena uani kwao penye sakafu ya mawe, anakwenda kama mlevi, anaanguka, anainuka.

Ijumaa tukarudi Ibra. Kwetu, kama unavyojua nyumba zetu, mazulia kutoka ukuta mpaka ukuta. Tukamweka chini ili tumtazame, akaona pale laini, akashusha mikono, akatambaa.

Jioni Azza akaja. "Alikaaje?" Nikasema salama. "Hakutoka?" Mimi nikakohoa, Musallam akasema, "Alikuwa na sisi wakati wote." Azza akapiga magoti akamnyooshea mtoto mikono, "Njoo Yazeed, tembea kwa mama," na mtoto akakaa kitako akamcheka, na binti yangu akageuza uso wake ukutani. Nikafungua mdomo niseme. Musallam akanikanyaga mguu.

Walipoondoka tukagombana. Yeye anasema, "Usimnyang'anye. Hatua ya kwanza ni ya mama kuiona. Kesho au keshokutwa mtoto atatembea kwao, ataona yeye, na sisi tutashangaa pamoja naye." Nikamwambia lakini mwenzio analia. Akasema, "Na ukimwambia atauliza wapi. Ukimwambia wapi, huyu mtoto atapelekwa kwa mama mkwe kila asubuhi, na mimi nitabaki na viti." Hapo sauti yake ilibadilika, na mimi nikaacha ubishi, kwa sababu tangu turudi anapiga mluzi, kaipaka fimbo mafuta, na kaniuliza Alkhamisi ijayo tunakwenda wapi.

Sasa niambie, niseme au ninyamaze? Na la pili naona haya kuliuliza: nikisema, nitaweza kwenda tena?

Naituma kwa faksi ya dukani, Jumamosi asubuhi, na namba yangu ya simu iko chini.

Bimdogo, Ibra, Januari 1999

JIBU

Bimdogo,

Nimeicheka barua yako mpaka mwenzangu wa meza ya pili kaja kuuliza kuna nini. Nikaisoma mara ya pili, nikaacha kucheka. Niliacha pale bafuni, kwenye bomba lililofunguliwa.

Kwa kuwa gazeti hili hutoka Ijumaa na miadi ya daktari ni Jumanne, nilikupigia simu siku ile ile. Niliyokwambia nayaandika hapa kwa faida ya mabibi na mababu wengine, maana naamini hamko peke yenu.

Kwanza safari. Uliambiwa mtoto asitoke hata uani, wewe ukampeleka mlimani. Angefanya hivyo mkweo Nadhir na mtoto aliyetoka kukohoa, mpaka leo ungekuwa humjibu salamu. Halafu ukamvua viatu juu ya jiwe la baridi. Mshukuru Mungu karudi mzima, na hilo kubali lawama yake yote bila kusema "lakini". Nilivyokusikia kwenye simu, una "lakini" nyingi. Zimeze.

Hata hivyo, sitakudanganya kuwa safari ndiyo kosa kubwa. Mtu akimwona mumewe ananyanyuka kitini baada ya mwaka mzima, akachemsha chai akamfuata, mimi siwezi kumpiga mawe. Kosa kubwa ni Ijumaa jioni. Binti yako alipiga magoti mbele yako ana hofu kuwa mwanawe ana ila miguuni, wewe una dawa ya hofu ile mdomoni, ukaimeza kwa sababu umekanyagwa mguu. Azza alilala na hofu ile usiku ule, na wewe ulilala na furaha. Hiyo si siri ya mapenzi, mama. Umechukua kilicho chake ukakifungia kabatini.

Bwana Musallam, najua unasoma, maana Bimdogo kaniambia ulikuwa umesimama nyuma yake wakati tunazungumza. Maneno yako matamu, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ni woga wa kubaki na viti. Sikulaumu kwa woga huo. Mtu aliyezoea kuhitajiwa akikosa wa kumhitaji huumia, na hakuna anayempa pole. Ila usimvishe woga nguo za huruma. Hatua ya kwanza haikuwa ya mama wala ya babu. Ilikuwa ya mtoto, na kaipiga pale ambapo mikono yake ilikataa baridi. Mwambie binti yako wewe mwenyewe kwamba unamhitaji Yazeed asubuhi. Hajui. Anadhani anakusumbueni.

Bimdogo, nilikwambia upige simu kabla ya adhuhuri. Usianze na mlima, anza na miguu. Sema, "Azza, Yazeed anaweza kutembea, nimemwona kwa macho yangu," unyamaze, umwache apumue. Mlima utakuja wenyewe akiuliza. Usimwambie asikasirike. Akisema mtoto atakaa kwa mama mkwe wiki moja au mbili, itikia, usilie, usimwite Musallam achukue simu. Na miadi ya daktari msiifute. Mimi si daktari na wewe si daktari. Nendeni, mkamweleze mlichokiona. Mwisho, kunjeni mazulia. Mtoto gani mwenye akili atasimama ahangaike na miguu wakati chini ni laini hivyo?

Hayo ndiyo niliyokwambia. Jana, Jumatano, umenipigia wewe, na wasomaji wana haki ya kujua.

Umenieleza kuwa Azza aliuliza wapi, ukamweleza yote, mlima na jiwe la baridi. Halafu akauliza, "Alikuwa kavaa soksi?" Ukasema hapana. Basi akakupa yako yote, ya soksi na ya kikohozi na ya njia nyembamba, na wewe ukaushika mkono wa simu ukasikiliza, na katikati ya ugomvi ukamsikia anacheka huku anavuta kamasi, anauliza, "Mikono ilikuwa juu? Ilikuwa juu hivi?" kana kwamba unamwona.

Jioni ya Jumamosi ile walikuja kwenu, akakunja zulia kwa mikono yake, wakubwa wote mkakaa kuzunguka sakafu tupu kama mnangoja arusi. Yazeed akawatazama mmoja mmoja, akakaa kitako, akawacheka. Azza akasema haidhuru. Umeniambia alilisema kwa sauti nyepesi, sauti ambayo hujaisikia kwake tangu mtoto ana mwaka.

Jumapili asubuhi alikuwa peke yake jikoni kwao, anachemsha maziwa, mgongo kaupa mlango, Nadhir bado kalala. Akahisi kitu kimemshika nguo nyuma ya goti. Akageuka, na Yazeed alikuwa kasimama pale, na kutoka chumbani mpaka pale ni sakafu tupu, hakuna cha kushika. Maziwa yalimwagika yote. Hakumwamsha mumewe. Alipiga simu kwenu, Musallam ndiye aliyepokea, na aliloambiwa ni, "Baba, kaja mwenyewe. Kaja kwangu." Musallam akakupa wewe simu akatoka kwenda uani.

Jumanne daktari alimpindua huku na huku, akasema miguu haina kitu, mtoto alikuwa hana haraka. Azza kaamua Yazeed aendelee kuja kwenu asubuhi, kwa masharti ambayo umenisomea na mimi nimeyaona mepesi mno.

Umeniuliza mara ya pili kama unaweza kwenda tena mlimani. Kamuulize Azza. Akisema hapana, kaa na bwana wako uani mnywe chai, na msinunie mtu. Akisema ndiyo, msubiri skuli zifunge, mwende naye, na kiti cha mbele mpe yeye.